Kipimo cha mate cha kuchagulia dawa za ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu): uzoefu wangu, Tabora

Nakipa nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni za ukurasa mmoja tu wa majibu: ule wa jeni ya CYP2D6. Kurasa nyingine, zenye rangi ya kijani, njano na nyekundu mbele ya kila dawa, hazina uzito wa kubadilisha dawa ya mtoto.

CYP2D6 hutengeneza kimeng'enya cha ini kinachovunja atomoksetini, mojawapo ya dawa za ADHD. Kikifanya kazi kawaida, nusu ya dawa hutoka mwilini kwa saa 5 hivi. Kisipofanya kazi kabisa, huchukua zaidi ya saa 20, na mwili hukumbana na dawa karibu mara 10 zaidi kwa dozi ile ile. Mtoto wa namna hiyo akipandishiwa dozi haraka, hamu ya kula hukatika, moyo hudunda mbio, usingizi hupotea, na nyumbani husemwa dawa imemkataa. Kumbe shida ni kasi ya kupandisha. Mtoto asiyezidi kilo 70 kwa kawaida huanza na miligramu 0.5 kwa kila kilo kwa siku, na baada ya angalau siku 3 hupelekwa kwenye 1.2. Mwenye kimeng'enya kilicholala huanzia hapo hapo, lakini husubiri wiki 4, na hupandishwa tu kama dalili hazijapungua na dawa haimsumbui. Kwa kilo 30 ni miligramu 15 za kuanzia na 36 za kulenga. Kapsuli haifunguliwi, unga wake huwasha macho, kwa hiyo daktari atachagua iliyo karibu, ya 10 au ya 18.

Methilfenideti, dawa nyingine ya ADHD, ni habari nyingine. Huvunjwa na kimeng'enya cha CES1, na hakuna mwongozo wa dozi unaotegemea jeni hiyo. Jeni za COMT na ADRA2A nazo hupamba ripoti bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwaonya watu wasibadilishe dawa kwa kufuata vipimo vya aina hii ambavyo madai yake hayajathibitishwa.

Sasa jambo linaloniuma. Maabara nyingi hutafuta kwanza CYP2D6*4, badiliko la jeni lililoenea Ulaya (kila badiliko hupewa alama ya nyota na namba). Kwetu Afrika yanayoonekana sana ni *17 na *29, yote mawili hupunguza nguvu ya kimeng'enya, na hilo la *29 lilielezwa mwaka 2001 kutokana na damu za Watanzania. Maabara isipoyatafuta haiandiki "hatukupima". Inaandika "kawaida", maana kila kisichotafutwa huhesabiwa kuwa kizima. Kabla ya kulipa uliza kwa maandishi: mnapima *17, *29, *5 (jeni kukosekana kabisa) na idadi ya nakala za jeni? Ukijibiwa tu "tunapima CYP2D6", rudisha pesa mfukoni.

Uliza pia duka la dawa kama atomoksetini itapatikana mwezi hadi mwezi. Kama haipatikani, au daktari anaanza na methilfenideti, usipime.

Kuchukua mate: dakika 30 bila kula, kunywa wala kupiga mswaki. Mate yafike mstari wa mililita 2, povu halihesabiwi. Hapo ndipo sampuli nyingi hukataliwa. Mtoto asiyeweza kutema, omba kijiti cha kusugulia ndani ya shavu. Funga kifuniko mpaka dawa ya kuhifadhia imwagike yote, kisha tikisa. Sampuli hukaa bila friji, lakini usiiache juu ya dashibodi ya basi juani. Ikiwa maabara iko nje ya nchi, ulizia kibali kwanza kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia vinasaba vya binadamu kwa sheria ya 2009.

Majibu yapeleke kwa daktari, hospitali ya Kitete kwa Tabora au Maweni kwa Kigoma, pamoja na orodha ya dawa zote. Fluoksetini, dawa ya sonona, huzuia kimeng'enya cha CYP2D6, na mwenye jeni nzima huanza kuvunja dawa kama asiyenacho. Huku kwetu kwenye malaria nyingi, dawa ya mseto ya ALu nayo huweza kukizuia, na yenyewe pamoja na atomoksetini hugusa mapigo ya moyo. Ripoti haijui mtoto anameza nini wiki hii. Malaria itibiwe bila kuchelewa, ila daktari ajue mapema kuhusu atomoksetini.

Nakala ya majibu ibaki kwenye daftari la kliniki. Jeni haibadiliki, na hiyo hiyo ndiyo hugeuza kodeini, dawa ya maumivu, kuwa mofini mwilini. Mtoto mwenye nakala za ziada za jeni hii, anayeigeuza haraka mno, asipewe kodeini kabisa.