Gereji ya Gerezani iliyotafuta upepo kabla ya kugusa pampu

Kwa miezi miwili gari langu, Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ ya silinda 6, lilikuwa likiwaka asubuhi kwa sekunde chache kisha likizimika, na halikukubali tena mpaka nipige pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli hadi iwe ngumu. Fundi wa kwanza alitaka tushushe pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini, ikafumuliwe, kazi ya gharama kubwa. Kabla sijakubali, nililipeleka kwenye gereji ndogo ya dizeli iliyoko mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Fundi mkuu wa pale alianza kwa kuuliza gari hulala likiwa limeelekea wapi. Nilipomwambia kwamba tabu huzidi linapolala kwenye mwinuko wa nyumbani, pua ikiwa juu, alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa usiku kucha mafuta hurudi tangini na nafasi yake kuchukuliwa na upepo. "Bosi, tusifungue pampu kabla hatujaona upepo unaingilia wapi," alisema. Akafunga kipande cha mpira unaoonesha ndani kati ya filta na pampu, akawasha injini, nasi tukainama kutazama: vipovu vidogo kama punje za mtama vilikuwa vikipita mfululizo.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi kwamba anaijua kazi yake. Aliuchomoa kwenye filta mpira utokao tangini, akaipa injini mafuta kutoka kwenye dumu alilolitua sakafuni kwa makusudi, maana lingewekwa juu mafuta yangeteremka yenyewe na tundu lisingejulikana. Vipovu vilikoma. Filta, oringi zake (vipete vya mpira vya kuzibia) na pampu ya mkono zilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa nyuma. Karibu na tangi, pale mpira unapoungana na paipu ya chuma, aliukunja mpira na ufa mwembamba kama unywele ukafunguka chini ya klipu. Hapakuwa na tone la dizeli ardhini, kwani kwenye injini hii pampu huyavuta mafuta yenyewe kutoka tangini, na injini inapofanya kazi ufa wa upande huo huvuta upepo ndani badala ya kuvujisha mafuta nje.

Nililipa shilingi 45,000, pamoja na mipira miwili mipya ya dizeli. Ule unaoonesha ndani aliutoa, akieleza kwamba ukikaa na dizeli na joto hukakamaa. Sikupenda kwamba alitaka kurudisha klipu za zamani zilizokwisha kutu, ingawa nilipomwomba alibadilisha bila ubishi, wala risiti haikuorodhesha vifaa. Pia nilikaa tangu saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri mahali pasipo na kivuli, hivyo anayekwenda ajipangie siku nzima.

Tangu hapo limelala kwenye mwinuko uleule kwa wiki tatu, na kila asubuhi linawaka mara moja bila kuguswa pampu ya mkono.