Bodi ya kamera kwa mpira na wanyama: ipi ununue ukiwa Lubumbashi

Ukisimama nyuma ya goli pale Kamalondo siku TP Mazembe wanacheza, una nusu sekunde. Krosi inapigwa, mtu anaruka, kichwa kinagusa mpira, imekwisha. Ukienda ziwa Tshangalele, upande wa Likasi, mdiria anaweza kukaa juu ya tete dakika 10 bila kutikisika, halafu anajitupa majini na kutoka na samaki kabla hujapumua. Kwa kamera, mpira na ndege ni kazi moja: kitu kiko mbali, kinakwenda kasi, na hakitarudia kwa ajili yako.

Vijana wengi wananiuliza, "Yaya, ninunue aparei gani?" Wengi wamekusanya dola zao kidogo kidogo kwenye harusi na ubatizo, na wakikosea hawatazikusanya tena mwaka huu. Kwa hiyo nitasema wazi ninachoamini, kwa mpangilio wangu, kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu.

Kwanza acha kuuliza megapikseli. Hilo ndilo neno la kwanza la muuzaji kwa sababu limeandikwa kwenye boksi. Kwa gazeti, kwa simu na hata kwa bango la ukutani, megapikseli 20 zinatosha. Uliza fokasi inamfuataje mtu anayekimbia kukujia, kamera inapiga picha ngapi kwa sekunde, na inaendelea kwa muda gani kabla ya kugoma.

Hapo kwenye kugoma watu wengi hawapajui. Kamera inapopiga mfululizo, picha zinakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya ndani inayoitwa bafa, kisha zinamwagwa kwenye kadi. Bafa ikijaa kabla kadi haijameza, kitufe unakibonyeza na hakuna kinachotokea. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya picha 3 kwa sekunde, na ikipiga chache tu za RAW, yaani faili nzito ambazo kamera haijazichakata, inasimama. Siku moja kwenye uwanja wa vumbi kule Katuba nilimfuata mshambuliaji tangu katikati ya uwanja. Nina picha yake akikunja mguu, na nina picha ya wenzake wamemrukia mgongoni. Goli lenyewe sina. Mtoto yule alikuja kuniomba picha ya goli lake la kwanza, nikakosa cha kumpa. Mpaka leo linaniuma.

Halafu pesa. Igawe kabla hujaingia dukani: nusu au chini ya nusu iwe ya bodi, yaani kamera bila lenzi, iliyobaki iwe ya lenzi, kadi na betri ya pili. Bodi utaibadilisha, lenzi itabaki nawe. Kwa wanyama unahitaji lenzi ya angalau milimita 400, na ndiyo sababu napendelea bodi ambazo sensa yake, ile sehemu inayopokea mwanga, ni ndogo, ya aina ya APS-C. Sensa hiyo inakata kingo za picha, hivyo lenzi ya milimita 500 inaona kama ya 750 kwenye Nikon, na kama ya 800 kwenye Canon. Pundamilia wa Upemba hawangoji usogee.

Ya kwanza kwangu ni Nikon D500, ya okazi, yaani iliyokwisha kutumika. Najua ni ya mwaka 2016 na haitengenezwi tena. Hata hivyo bado inapiga picha 10 kwa sekunde, na ukitumia kadi ya XQD inafika picha 200 za RAW bila kusimama. Ina pointi 153 za fokasi zilizotandazwa karibu upana wote wa picha, kwa hiyo mchezaji akikimbilia pembeni bado umemshika. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 2,000. Leo ya okazi iliyotunzwa huwa chini ya nusu ya bei hiyo. Pesa inayobaki inakusogeza karibu na lenzi ya Nikon ya 200-500 f/5.6, na hapo una mzigo kamili wa kazi.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo mtu wa Lubumbashi atazielewa haraka. Moja ni umeme. SNEL wakikata usiku kucha, asubuhi unaondoka na betri ulizo nazo, na betri moja ya D500 imepimwa kupiga picha 1,240. Kamera zisizo na kioo cha ndani, zinazoitwa mirrorless, zinakula betri kwa sababu skrini na kidirisha cha kuchungulia vinawaka muda wote. Ya pili ni vumbi. Mwezi wa nane, ardhi yetu nyekundu imekauka na kila gari linainua wingu. Ukibadilisha lenzi kwenye D500, sensa iko nyuma ya kioo na shata, lile pazia linalofunguka unapopiga. Kwenye kamera nyingi zisizo na kioo sensa inabaki wazi kama sahani, na vumbi hilo ni laini, linanata.

Udhaifu wake ni huu. Haitambui jicho la ndege wala la mchezaji. Wewe ndiye unayeweka pointi. Shata yake ina mlio, na mnyama mwenye masikio ataisikia. Kwa video, fokasi yake ni dhaifu. Kadi za XQD hazipatikani kirahisi, ingawa programu ya kamera ikisasishwa inapokea CFexpress aina B, na tundu la pili linachukua SD.

Ukiikuta ya okazi, usifurahie rangi. Piga picha moja ya JPEG, ifungue kwa programu ya kusoma taarifa za picha, utaona idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Shata ya D500 imepimwa kwa mara 200,000. Iliyokwisha kupita 150,000 ishushiwe bei au iachwe. Elekeza mbinguni, funga tundu la mwanga la lenzi mpaka f/16, piga, uangalie madoa. Ingiza kadi kwenye matundu yote mawili. Bonyeza kila kitufe.

Asiye na pesa hiyo aitafute Canon 7D Mark II ya 2014: nayo picha 10 kwa sekunde, pointi 65, mwili mgumu. Giza likiingia picha zake zina chembechembe zaidi, na bafa yake inaishia karibu RAW 31. Ila inajua kusubiri mwanga wa taa unaopepesa, jambo linalosaidia sana mechi ya usiku.

Ya pili ni Canon R7, na kwa mtu anayetaka kamera mpya ningeiweka mbele. Ilitoka 2022 kwa dola 1,499 Marekani. Inatambua watu, ndege, mbwa na magari, na inalishika jicho lenyewe. Shata ya kawaida inakwenda picha 15 kwa sekunde, ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, na matundu mawili ya SD, kadi ambazo hata sokoni utazipata. Lenzi za zamani za Canon za EF zinaingia kwa adapta na kufanya kazi vizuri. Jambo moja tu ulijue: ina njia ya kimyakimya ya picha 30 kwa sekunde, lakini sensa yake inasomwa polepole, mstari kwa mstari. Mpira unaoruka unaweza kutoka umbo la yai, na bawa la ndege likapinda. Kwa sokwe aliyekaa, tumia kimya. Kwa mpira, tumia shata.

Ya tatu, Nikon Z50 II ya mwishoni mwa 2024, chini kidogo ya dola 1,000 ilipotoka. Hii ni ya anayeanza ambaye hataki okazi. Fokasi yake inatambua ndege, na inaweza kuhifadhi picha za JPEG za kabla hujabonyeza mpaka mwisho. Kwa yule mdiria, hiyo ni zawadi. Haina kitulizo ndani ya bodi, ina tundu moja tu la kadi, na betri yake ni ndogo kweli. Nunua tatu. Ukiwa tayari una lenzi ya 200-500 kutoka D500, adapta ya FTZ inaileta huku, na ndiyo maana nilisema lenzi inabaki nawe.

Ya nne ni OM-1 ya OM System, ya 2022. Kwa mpira wa jioni nisingeichagua, kwa sababu sensa yake ni ndogo zaidi na giza linaiumiza. Ila kwa anayetembea kwa miguu Kundelungu siku nzima, sijui nyingine inayomfaa zaidi: bodi ina uzito wa karibu gramu 600, lenzi ya milimita 300 inaona kama 600, na ikiwa na lenzi iliyozibwa kama yenyewe inastahimili mvua. Msimu wa mvua kwetu ni Novemba mpaka Aprili. Ndege wanapendeza wakati huo, na wapiga picha wengi wanakaa nyumbani kwa kuogopa maji.

Ya tano, Nikon Z8. Kwa uwezo mtupu ingekuwa ya kwanza. Haina shata ya chuma kabisa. Sensa inasomwa kwa kasi kubwa hata mpira haupindi, inapiga RAW 20 kwa sekunde bila mlio wowote, na ina pazia linalofunika sensa ukibadilisha lenzi. Ila ilitoka kwa dola 4,000 hivi mwaka 2023, bila lenzi. Mwenye mkataba na klabu au na shirika la uhifadhi ainunue bila kusita. Mwenye kuitafutia kazi baada ya kuinunua, hapana. Nimeona kijana ana bodi ya maelfu na lenzi fupi ya 18-55. Alikuwa anapiga migongo ya makocha.

Usinunue Canon 2000D au 4000D kwa kazi hii, hata ukishawishiwa na mfuko na miguu mitatu ya bure. Zinapiga picha 3 kwa sekunde na zina pointi 9. Kwa picha za familia zinafaa. Kwa winga anayekimbia, hazimfikii.

Kuhusu mahali pa kununua: bei nilizotaja ni za Marekani, bodi peke yake. Hapa ongeza safari, forodha na faida ya muuzaji, iwe imepita mpakani Kasumbalesa au imeletwa kwa ndege kutoka Dubai. Ukiagiza kwa mtu, mwambie awashe kamera na aangalie lugha kabla ya kulipa. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu. Betri za bandia ni nyingi pia. Ikivimba kidogo, itakwama ndani ya bodi na kukuharibia yote. Na kabla ya kwenda mbugani, zungumza na watu wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga, juu ya ruhusa ya kupiga picha, kwa sababu lenzi ndefu inaulizwa maswali.

Siku ya kununua nenda na kadi yako mwenyewe. Mwombe muuzaji mtoke naye mpaka barabarani, weka fokasi ya mfululizo, usubiri pikipiki ya abiria inayokuja moja kwa moja upande wako. Piga 20. Kisha kuza kila picha mpaka usome namba ya pikipiki, na uhesabu zinazosomeka. Zikiwa 14 au zaidi, toa pesa. Zikiwa 6, kwanza angalia kama ulipanga vizuri, ngoja pikipiki nyingine, rudia. Zikibaki 6, mshukuru mzee, mrudishie kamera yake, uende duka la pili.