Miche ya pentasi iliyoniulia nyuki

Hasira haijanitoka, kwa hiyo mnivumilie.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kigamboni nina maboga na pasheni. Maboga yalikuwa yananitoa machozi. Ua jike linafunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limesinyaa, na kiboga cha ukubwa wa kidole gumba kinageuka njano na kudondoka. Nyuki hawafiki. Jirani akanishauri nipande pentasi: kijichaka cha kwetu Afrika Mashariki, mara nyingi hakifiki kiunoni, na kikipata jua na maji kinachanua karibu mwaka mzima. Nikaenda kitalu kimoja kando ya barabara, nikabeba viriba 12 vya miche.

Sikatai, miche ilikuwa mizuri. Majani yamekoza kijani, hayana hata tundu moja la mdudu. Ningejiuliza pale pale kwa nini.

Nyuki walianza kuja siku ya pili, nikafurahi mno. Haikupita wiki, nafagia asubuhi, nawakuta chini ya viriba. Mmoja alikuwa bado hai, amelala chali, anazunguka palepale, ulimi umemtoka nje. Nilianza kuwahesabu nikaacha. Nikachokoa udongo wa kiriba kimoja, nikakuta chembechembe ambazo si mchanga wala samadi.

Nikarudi kitaluni, nikamuuliza mwenyewe kwa adabu kabisa: mmeweka dawa gani humu? Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Mama, ulinunua maua au ulinunua nyuki?"

Mbele ya wateja! Nilitetemeka. Aliyenifuata nje ni kijana wake wa kumwagilia. "Shikamoo mama. Ile ni dawa ya nzi weupe, tunaiweka kwenye udongo, mizizi inaivuta." Nikaelewa. Dawa ya aina hiyo hupanda na maji mpaka kwenye ua, ikaingia kwenye mbochi, yaani maji matamu ya ua, na kwenye chavua, na nyuki anakuja kujinywea sumu. Hata uoshe majani kutwa nzima haitoki.

Nilikuwa niandike neno moja tu: msinunue. Lakini nilivumilia, nikawa nakata kila shada kabla halijafunguka ili nyuki wasije kunywa, wiki baada ya wiki, masika yote. Sasa nimeiacha ichanue. Leo asubuhi ndege chozi alikuwa anachomeka mdomo kwenye vile vijinyota vyekundu kimoja kimoja, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wameshahamia kwenye pasheni. Maboga matatu yameshika. Kwa hiyo mmea wenyewe nausifu bila kusita, na hata miche yao, kusema haki, ina mizizi ya nguvu, hakuna hata mmoja uliokufa.

Nikifika hapo namkumbuka yule nyuki aliyelala chali, na lile jibu. Hapana, sirudi pale. Wewe ukienda, uliza udongo umewekwa nini kabla hujatoa hela, na umuulize kijana wa kumwagilia, si bosi wake.