Kaiserschmarrn au Kasnocken: uagize nini milimani Austria?

Vyote viwili huliwa kwenye vibanda vya wapanda milima, mara nyingi kutoka kikaango kilekile kilichotumika kuvipika.

Kaiserschmarrn ni chapati nene ya mayai, tamu, iliyochanwa vipande. Kwa watu wawili: mayai 4, unga wa ngano gramu 130, maziwa mililita 250, chumvi kidogo. Ute wa mayai hupigwa peke yake hadi usimame, kisha huchanganywa taratibu na vile vingine. Ukikoroga kwa nguvu, povu hufa na chapati hulala. Moto uwe wa wastani, la sivyo chini huungua katikati pakiwa pabichi. Ikishachanwa kwa uma mbili, huongezwa siagi na sukari vishikane rangi ya kahawia, kisha huliwa na plamu zilizopikwa. Ikiletwa papo hapo, itilie shaka: ya kweli huchukua kama dakika 20. Asiyetumia pombe aulize kwanza, kwani zabibu kavu zinazotiwa humo mara nyingi hulowekwa kwenye ramu.

Kasnocken, fahari ya Pinzgau mkoani Salzburg, ni vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa hadi vielee, vikachanganywa na jibini kali na vitunguu vya kukaanga. Kula upesi, jibini ikipoa hukakamaa.

Baada ya kupanda mlima kwa muda wa saa nne, Kasnocken ndiyo inayoshibisha, pamoja na glasi ya tindi baridi. Kaiserschmarrn ni bora mgawane wawili, hasa kama safari bado ndefu.