Faiwoli ya Windows: inalinda vizuri, ila inazuia kimyakimya

Kwa duka au ofisi yenye kompyuta tatu nne zinazotumia programu moja ya mauzo au hesabu, faiwoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) inayokuja na Windows inatosha, usinunue nyingine. Kasoro yake kubwa ni kwamba ikizuia kitu haisemi. Programu ndiyo hulalamika kuwa haioni seva, yaani kompyuta inayotunza data, na fundi anaanza kubadilisha nyaya bure.

Kwa kawaida huruhusu kinachotoka na kuzuia kinachoingia bila kualikwa. Kwa hiyo anzia kwenye seva, si kompyuta za kaunta. Fungua Settings, kisha Network & internet, uangalie aina ya mtandao. Windows 11 huuweka mtandao mpya kuwa Public. Ubadilishe uwe Private, mradi ni wa ofisi na si Wi-Fi ya wageni.

Programu bado haifunguki? Andika wf.msc kwenye Run (bonyeza Windows+R), uingie Inbound Rules, yaani kanuni za kinachoingia. Wengi hukwama hapa. Programu ikitaka kupokea mawasiliano kwa mara ya kwanza, dirisha huuliza kama iruhusiwe. Mtu akibonyeza Cancel, huandikwa kanuni mbili za kuzuia, ya TCP na ya UDP (njia mbili za kusafirisha data mtandaoni), na dirisha halirudi tena. Kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu, hivyo hata ukiongeza ruhusa kumi hupiti. Futa kwanza zile za programu hiyo zenye alama nyekundu.

Programu nyingi za mauzo hutumia SQL Server Express, hifadhidata ya bure ya Microsoft, ambayo kwa kawaida hujichagulia poti (namba ya mlango wa mawasiliano), kwa hiyo kufungua 1433, poti ya kawaida ya SQL Server, peke yake mara nyingi hakusaidii. Ruhusu faili la sqlservr.exe pamoja na UDP 1434, na uwashe huduma ya SQL Server Browser, inayotumia poti hiyo kuzieleza kompyuta nyingine poti iliyochaguliwa. Hakikisha pia TCP/IP (mawasiliano ya mtandao) imewashwa ndani ya SQL Server yenyewe. Ikiwa imezimwa, faiwoli haina kosa. Ukihamia SQL Server 2022 kutoka 2019, folda yenye sqlservr.exe hubadilika kutoka MSSQL15 kuwa MSSQL16, na ruhusa ya zamani haifanyi kazi tena.

Kumbukumbu ya vilivyozuiwa huja ikiwa imezimwa, jambo ambalo Microsoft wangepaswa kulirekebisha zamani. Ndani ya wf.msc ingia Properties, Logging, uweke Log dropped packets kuwa Yes. Jaribu kuunganisha tena, kisha soma pfirewall.log: mstari wenye neno DROP utakuonyesha anwani na poti iliyokataliwa.