Wiki 6 na mwalimu wa hesabu wa nyumbani, Kisumu

Binti yangu yuko Kidato cha Pili. Walipoingia kwenye aljebra ya mabano na vipeo, daftari lake likaanza kurudi limejaa wino mwekundu. Kwanza tulijaribu programu ya simu: unapiga picha swali, inakutolea jibu. Kazi ya nyumbani ikawa safi kabisa, lakini mtihani wa katikati ya muhula akapata 4 kati ya 20. Alikuwa ananakili tu.

Jirani yetu hapa Manyatta akanielekeza kwa mwalimu anayekuja nyumbani. Ni shilingi 400 kwa saa, mara mbili kwa wiki, namtumia kwa M-Pesa akishamaliza.

Siku ya kwanza alimpa swali moja tu, aiandike 6x² + 7x − 3 kama mabano mawili yanayozidishana, akanyamaza akiitazama kalamu. Binti akatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −18 (yaani 6 mara −3) na ukizijumlisha unapata 7. Akazipata, 9 na −2. Akaandika 6x² + 9x − 2x − 3, kisha 3x(2x + 3) − 1(2x − 3). Hapo akakwama, mabano hayafanani. Mwalimu akaweka kidole kwenye ile 3 ya mwisho.

"−1 mara −3 ni ngapi?"

"Tatu."

"Na kwenye mstari wa juu umeandika ngapi?"

Akafuta mwenyewe, akapata (3x − 1)(2x + 3). Alama hiyo moja ilikuwa imemsumbua muhula mzima, nami nikimgombeza kwamba hasomi. Jioni ile nilimwomba msamaha.

Kwenye vipeo, alikuwa akiandika a³ × a² kuwa a⁶. Aliambiwa aziandike a zote moja moja, azihesabu: tano. Na 2⁰, ambayo mimi mwenyewe nilimaliza shule nimeikariri tu, mwalimu aliishukia kama ngazi: 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2, kila hatua unagawanya kwa 2, basi inayofuata, 2⁰, ni 1. Nilikuwa nakata sukuma wiki, nikaja kusimama mlangoni na kisu mkononi.

Lawama ninayo. Haachi mazoezi ya kutosha kwa siku ambazo haji, ikabidi ninunue karatasi za mitihani ya zamani. Mvua ya jioni pia humchelewesha, ingawa hufidia dakika zake.

Jaribio la juzi binti amepata 13 kati ya 20. Sasa kila akimaliza swali hufungua mabano tena kuhakikisha, bila kuambiwa. Nimeshamwomba mwalimu aendelee hadi shule zifungwe.