Ogani laini za mazoezi ya upasuaji: nyenzo ipi ununue kwanza

Wengi wanaotaka ini au figo ya kufanyia mazoezi huanza kwa kuulizia filamenti laini, yaani uzi wa plastiki wa printa ya 3D. Acha. TPU, filamenti laini ya printa za kawaida, ina ugumu wa 85A hadi 95A kwenye kipimo cha Shore: hiyo ni soli ya kiatu, si ini. Kazi ya printa iwe kuchapisha kalibu ya PLA (plastiki ngumu ya kawaida ya printa), ogani yenyewe imiminwe humo. Na kwenye lebo ya nyenzo, soma herufi kabla ya namba. 30A na 00-30 hazifanani hata kidogo. Kipimo cha A ni cha mpira, cha 00 ni cha vitu vinavyobonyea kama jeli.

1. Silikoni ya platinamu, 00-30

Mfano ni Ecoflex 00-30. Sehemu A na B huchanganywa sawa kwa sawa, una dakika 45 za kumimina, na baada ya saa 4 imeganda. Figo ya mtu mzima huchukua kama ml 150, hivyo seti ya g 900 hutoa figo 5. Haiozi, haikauki.

Kasoro yake ya kwanza: ukikaza mshono, uzi huikata kama unavyokata mche wa sabuni. Laza kipande cha soksi ndefu ya nailoni mm 1 au 2 chini ya uso kabla haijaganda, mshono utashika. Ya pili huwaliza wengi: siku imepita na uso bado unanata. Chanzo huwa ni glavu za lateksi, udongo wa kufinyangia wenye salfa, au kalibu ya rezini (plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga) ambayo haikukomazwa vya kutosha kwa mwanga wa UV. Vaa nitrili. Kwa diatemi (kukata na kuunguza nyama kwa umeme) usiinunue kabisa, kwa kuwa haipitishi umeme.

2. PVA ya unga

Kwa diatemi na ultrasaundi, hii hupanda hadi nafasi ya kwanza. Sauti hupita ndani yake kwa kasi iliyo karibu na ya nyama ya mwili (takriban m 1540 kwa sekunde), ilhali kwenye silikoni ni kama m 1000, na vipimo vya kina hupotoka.

Angalia unachouziwa: gundi nyeupe ya mbao nayo huitwa PVA, na ipo filamenti ya PVA inayoyeyuka majini. Zote mbili sizo. Omba unga wa poliviniliakoholi wenye hidrolisisi ya 99%.

Nyunyiza g 100 kwenye ml 900 za maji baridi huku ukikoroga. Ukianza na maji ya moto utapata madonge. Weka chumvi g 9 ili umeme upite. Funika, pasha juu ya sufuria ya maji yanayochemka hadi 90°C, ukoroge mpaka rojo liwe angavu. Subiri lipoe hadi 40°C, maana PLA hulegea karibu na 60°C. Mimina, ukiacha sehemu ya kumi ya kalibu tupu, la sivyo barafu itaipasua. Saa 12 kwenye friza ya −20°C, saa 12 nje. Mzunguko mmoja hutoa ulaini wa ini. Kila unaoongezwa hukaza. Hifadhi ndani ya maji.

3. Jelatini

Rahisi, lakini ni ya siku mbili tatu, tena kwenye jokofu. Chukua ya bloom 250 (bloom ni kipimo cha nguvu ya jelatini), g 100 kwa lita, na usiichemshe, itapoteza nguvu. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam hulegea mezani kabla somo halijaisha. Uliza pia ni ya ng'ombe au ya nguruwe.

4. Rezini nyumbufu

Elastic 50A ya Formlabs inafaa mishipa yenye uwazi ndani. Kwa ogani nzima ni ngumu mno.

5. PolyJet

Hii ni teknolojia ya printa za 3D za kampuni ya Stratasys. Ilitoa J750 Digital Anatomy mwaka 2019, inayochanganya ulaini tofauti katika modeli moja. Mashine usinunue, agiza modeli kwa mwenye nayo, ukimpelekea faili ya STL (ya umbo la 3D) na ugumu unaoutaka kwa kila sehemu.